Robe ya ile filme

Ninashona robe za bibi arusi hapa Butembo, mu Mususa, na ile filme ya Kifaransa ilinichokesha kabisa. Mwalimu mumoja wa kike, mwenye kungojea ndoa yake, aliniletea mu simu yake. Ni filme ya zamani: binti maskini anavalishwa nguo za matajiri, anapendana na bwana mwenye kuzishona, banagombana, banapendana tena. "Mama, angalia robe ya mwisho," akaniambia. "Ninataka ile ile." Mgongo wazi, mikono hakuna! Nikaiangalia mara tatu, nikakata satini.

Siku ya kujaribisha robe akaja na shangazi yake, mama wa kanisa. "Mabega inje? Hapana! Pasta atasema nini?" Nikatia mikono. Juma lililofuata akaja mama mukwe: mgongo ufungwe. Nikaufunga. Kisha dada mukubwa akataka irefushwe mpaka chini, na maua kifuani, eti kwa sababu satini ilibaki. Bibi arusi mwenyewe alikuwa anaitika tu "ndiyo, mama," na mimi ninafumua.

Siku ya ndoa nilikaa nyuma kanisani na hasira yangu. Ilikuwa imerudia kuwa robe yangu ya miaka yote, ile ninashonea kila mutu. Bibi arusi akanikumbatia, machozi machoni: "Mama, ni ile ya filme kabisa!"

Jumatatu nikakuta mabinti wane mlangoni, kila mumoja na simu mkononi. Nikashusha ukutani karatasi yangu ya zamani ya kukatia robe.

"Zimeni simu," nikawaambia. "Ile filme ninaijua."