Mama Vichupa na Jivu Lililozaa Moto

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Ni wazi hawakuwahi kufika kwenye sinki la Sella Khamala. Huku Kawangware jivu ndilo lililozaa moto, na hadi leo Ijumaa moto huo haujazimika.

Saa moja kasorobo asubuhi. Sella amekunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko, ameinama juu ya sinki la zege katika maabara ya hospitali ndogo iliyo karibu na kituo cha basi cha Kawangware 46. Pembeni mwake vimepangwa vichupa vya kioo mia moja na arobaini, vyembamba kama kidole cha mwisho. Anachukua kimoja, anaingiza brashi, anaizungusha mara saba, anasuuza. Kisha anakiinua dirishani na kukikagua kwa jicho moja, kama fundi wa saa.

"Wewe bado," anakiambia. "Rudi majini."

Hospitali hiyo, ambayo wakuu wake wameomba isitajwe jina, haina uwezo wa kununua vichupa vipya kila siku. Damu ya leo hupimwa katika kioo cha jana. Kati ya jana na leo yupo mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa vilima vya Webuye, mkazi wa Soweto East, Kibera. Amefanya kazi hii kwa miaka kumi na mmoja. Hulipwa shilingi elfu tatu na mia nne kwa mwezi, na huja na kurudi kwa miguu. Wafanyakazi wenzake humwita Mama Vichupa.

"Hilo jina sikuchukia," anasema. "Kuna watu wanaitwa majina mbaya kuliko hiyo, na wanaitika."

Hadi mwanzoni mwa mwaka huu wa 1998, hakuna aliyefikiri kwamba mwosha vichupa anaweza kuitikisa hospitali nzima. Ili kuelewa alivyoitikisa, ni lazima kwanza kumfahamu Daktari Fahima Fadlalla.

Daktari Fahima ni binti wa Kinubi aliyezaliwa Makina, Kibera, na ndiye anayesimamia wodi ya watoto. Miaka miwili iliyopita aligundua jambo. Watoto waliolazwa kwa virusi vya kifua, wale wanaokoroma na kuvuta pumzi kwa mbavu, mara nyingi walikuwa na upungufu wa kalsiamu katika damu. Kalsiamu ni yale madini ya maziwa, dagaa wa omena na mifupa.

"Watu hudhani ni ya mifupa tu," anaeleza daktari. "Ikishuka sana kwenye damu, misuli inakaza, mtoto anaingia degedege, hata moyo unayumba. Na huyu mtoto tayari anapigania pumzi. Wengi wao hukua ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha. Jua, linalousaidia mwili kushika kalsiamu, wanalisikia tu kwa majirani."

Basi akaagiza kila mtoto anayelazwa kwa virusi vya kifua apimwe kalsiamu. Kwa kawaida, katika kila watoto kumi, watatu au wanne walikuwa na upungufu. Walitiwa dawa ya kalsiamu mshipani, polepole, na wengi waliinuka.

Kipimo chenyewe ni cha rangi. Damu huchanganywa na dawa maalumu ndani ya kichupa, na mchanganyiko hugeuka zambarau. Zambarau ikikolea, kalsiamu ni nyingi. Ikififia, ni kidogo. Anayesoma rangi hizo kwa mashine ni Bwana Simeon Oyoo, mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye miwani mizito na miaka ishirini kazini.

Januari, mvua za El Nino zilipokata barabara, sabuni ya maabara iliisha na gari la kuleta nyingine halikufika. Oyoo alimwambia Sella afanye awezavyo. Mama akafanya awezavyo. Alileta jivu.

Mtu yeyote aliyekulia Magharibi mwa Kenya hatauliza kwa nini. Huko, sufuria ambayo haijasuguliwa kwa jivu haijaoshwa, imelowanishwa tu. Sella alichekecha jivu la jiko lake kwa kitambaa, akalitia katika mkebe, akalibeba kutoka Kibera hadi Kawangware akiwa amelikumbatia lisilowe. Vichupa vikang'aa.

"Vilikuwa safi mpaka unaweza kujiona ndani na kurekebisha kitambaa cha kichwa," anakumbuka, akicheka. "Oyoo mwenyewe alinisifu. Aliniambia, Mama, hii ni kioo ama ni nyota?"

Ghafla, kwa siku kumi na mbili, habari njema zikamiminika wodini. Kila mtoto aliyepimwa alikuwa na kalsiamu ya kutosha. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, maana nani hukagua habari njema?

Siku ya kumi na tatu alilazwa Joan, msichana wa miezi kumi. Mama yake, Nduta, huuza mboga karibu na soko la Kawangware. Mtoto alikuwa na virusi kifuani, na kufikia saa sita mchana vidole vyake vilikuwa vimekaza na kugeukia ndani. Degedege lilimjia mara mbili. Daktari Fahima alishuku kalsiamu, lakini jibu kutoka maabara lilisema haina kasoro. Akaanza kutafuta sababu nyingine.

Wakati huohuo Sella alikuwa kwenye sinki. Ana desturi yake: dawa ya rangi inayobaki baada ya vipimo huimimina kwanza ndani ya kichupa kitupu, kisha huibeba nje na kuimwaga shimoni. Siku zote hubaki imefifia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu alete jivu, aliimimina katika kichupa kilichotoka kusuguliwa, na mbele ya macho yake ikageuka zambarau iliyokolea. Hakukuwa na tone la damu ndani.

"Nikasimama hapo," anasimulia. "Nikajiuliza, hii kioo tupu iko na mifupa? Nikajaribu nyingine. Zambarau. Nikaangalia mkebe yangu. Nayo mkebe ikaniangalia."

Alichokuwa amekitambua ni kweli: jivu lina kalsiamu tele. Vumbi lake, hata lile lisiloonekana, lilikuwa limeng'ang'ania kwenye kioo na kuwaongezea watoto madini wasiyokuwa nayo. Oyoo hakuweza kuona kosa hilo, kwa sababu kichupa chake cha kulinganishia hukaa kwenye droo yake, kipya, na jivu halikuwahi kukigusa.

Sella alimwendea Oyoo kwanza. Hilo wote wawili wanakubaliana. Oyoo alishtuka, akamwambia asubiri hadi Jumatatu, yeye Oyoo arudie vipimo vyote kimyakimya kabla ya kuzua taharuki. Sella alimkumbusha kwamba kuna mtoto anakakamaa wodini sasa hivi. Hapo mkuu akatamka neno ambalo leo anatamani angelimeza.

"Mama, wewe kazi yako ni kuosha. Kusoma ni kazi yangu."

Sella akajipangusa mikono kwenye aproni, akachukua kichupa cha zambarau, akapita mlango ambao waoshaji hawaruhusiwi kupita.

Wodini alimkuta Daktari Fahima ameinama juu ya Joan, mbele ya akina mama kumi na wawili. Hakunong'ona. Alimwambia kwamba majibu ya wiki mbili hayana ukweli, akamwonyesha rangi iliyotoka katika kioo kitupu. Daktari alimuuliza swali moja tu: vichupa hivyo aliviosha kwa kitu gani?

"Jivu," akajibu. "Na ni mimi."

Daktari akachukua damu nyingine, akaitia katika kichupa cha plastiki kipya kilichotolewa kwenye pakiti, akakipeleka maabara yeye mwenyewe. Oyoo alikipima. Rangi ilitoka imefifia kama maji ya biringanya. Kalsiamu ya Joan ilikuwa karibu nusu ya inayotakiwa.

Dawa ikatiwa mshipani, tone kwa tone, daktari akiusikiliza moyo. Nduta anasema alikuwa amekishika kidole gumba cha mwanawe wakati wote.

"Niliona mkono unafunguka," anasema mama huyo. "Kidole kimoja, halafu kingine. Halafu akashika sikio langu akavuta. Sijawahi kufurahia kuvutwa sikio kama siku hiyo."

Damu ya watoto kumi na tisa, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye jokofu, ilipimwa upya. Saba walikuwa na upungufu, na watatu kati yao walikwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Sella alijitolea kuwatafuta. Mmoja alimpata Riruta Satellite, mwingine nyuma ya soko. Wa tatu alikuwa Soweto East, nyumba nne kutoka kwake. Wote walirudi hospitali, wakatibiwa, wakapona. Usiku wa siku ile aliyotibiwa Joan, Sella aliandika kurasa mbili za daftari akieleza kosa lake la jivu, akazipeleka ofisini bila kuombwa. Kisha alimwomba Nduta msamaha ana kwa ana, akapewa fungu la sukuma wiki na onyo la utani kwamba asije akaliosha kwa jivu.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Oyoo alilalamika kwamba alidhalilishwa mbele ya wagonjwa, na kamati ya hospitali ikampa haki.

"Mama hakudanganya," anasema Oyoo bila kuzungukazunguka. "Lakini kuna ofisi, kuna utaratibu. Sasa nikipita sokoni nasikia, huyo ndiye wa jivu. Mimi sijawahi kushika jivu."

Kamati imechapa barua ya mistari mitatu: Mimi, Sella Khamala, naomba radhi kwa kuingia wodini bila ruhusa na kumwaibisha mkuu wa maabara. Inangoja sahihi yake. Mwisho ni leo, saa kumi jioni.

Kinachomngoja upande wa pili si kidogo. Sella amefaulu mtihani wa kuingia kozi ya jioni ya wasaidizi wa maabara, itakayoanza Mei. Miaka miwili, kisha angeacha sinki na kukaa kwenye kiti kinachozunguka, ambacho kwa sasa hukikalia tu anapokipangusa. Fomu ya kozi inahitaji sahihi ya mkuu wa maabara. Fomu hiyo imo kwenye droo ya Oyoo, ikingoja barua, kando ya kile kichupa kipya.

Cha kushangaza ni kwamba wawili hawa hawajanuniana. Saa nne wanakunywa chai kwenye meza moja. Oyoo anammiminia yeye kwanza.

"Mama Vichupa, leo umekuja na mkebe?"

"Nimeuacha nyumbani. Nilisikia unauogopa."

"Saa kumi si mbali."

"Hata kwangu iko saa, Oyoo. Kunywa chai."

Barua yenyewe haiko mezani. Iko ukutani, juu ya sinki, imebandikwa kifudifudi. Kwenye upande usiochapwa Sella ameandika kwa kalamu ya buluu, herufi kubwa na zilizonyooka: VICHUPA VYA KALSIAMU HUSUUZWA MARA TATU KWA MAJI YA MVUKE ULIOPOZWA. JIVU NI LA SUFURIA. Kona moja ya karatasi ilikuwa imebanduka. Baada ya chai, Oyoo aliisoma kimya, akatoa pini mfukoni, akaibana kona hiyo vizuri. Fomu hakuigusa.

Anapoulizwa kama haoni hatari ya kupoteza kozi kwa ajili ya mistari mitatu, Sella anainua kichupa kingine dirishani. Hiki kimepita. Anakipanga pamoja na wenzake.

"Ya jivu nilikosa, na nimesema mbele ya kila mtu," anasema. "Kozi naitaka, na nitaiomba tena mwaka ujao, na mwingine. Lakini kwa ule mlango niliopita siku ile? Siombi radhi."