Gavana wa Kuja na Ng'ombe wa Mama

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana mkubwa, shamba tulilofanyia kazi upande wa Njoro lilipata mgeni kutoka Amerika, mtu aliyewahi kuwa gavana wa jimbo moja la kwao. Alikuja kuwinda. Mezani siku ya kwanza aliwasimulia wenyeji wake maisha yake yote, na mjomba wangu, aliyekuwa mpishi pale na Kiingereza alikijua, akatuletea habari zote nyumbani.

Alianza na uwakili, akaoa binti wa mwenye benki, na tangu hapo mambo yakamnyookea. Wakati wa kura alivaa viatu vya matope, akazunguka vijijini akikamua ng'ombe za watu mbele ya wapiga picha. Eti mtoto wa mkulima! Mjomba alisema ile mikono haijawahi kushika hata jembe. Alipopata kiti alifungua madaraja yaliyojengwa na wenzake, akahutubia, akala. Mwishowe watu wakamchoka wakamtoa. Lakini bado alitaka aitwe Gavana, na mabwana wa Njoro wakamwita hivyo bila haya.

Cheo hicho ndicho kilichomponza mama. Mzungu mwenye shamba alikuwa ameamuru ng'ombe za wafanyakazi ziondoke zote kabla ya mvua. Mama alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, na huyo ndiye aliyetulisha. Gavana tuliyemjua sisi ni yule wa Nairobi, ambaye mabwana wetu walimvulia kofia. Mama akaamini huyu naye ana nguvu zile zile.

"Akikunywa maziwa yangu, atanisemea," akasema. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Ukishakunywa kutoka kibuyu cha mtu, huwezi kunyamaza akionewa.

Akagandisha maziwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yakatoka ya kijivu, mazuri kabisa. Akayapeleka mwenyewe barazani, na mjomba akafasiri shida yake yote. Gavana akasimama, akashika kibuyu kwa mikono miwili. Akasema naye amelelewa na ng'ombe, uchungu wa mama mkulima anaujua. Alimhutubia mjane mmoja kana kwamba uwanja umejaa. Picha ikapigwa, mama akarudi nyumbani akiimba.

Wiki iliyofuata mchinjaji wa Nakuru alikuja kumnunua ng'ombe yule. Mama akamfukuza kwa upole.

"Huyu iko na mtu wa kumsemea," akamwambia.

Basi siku ikafika. Walinzi wa shamba wakaja kumfungua ng'ombe, bila malipo, kwa kuwa amri ilikuwa imekiukwa. Mama akasimama mbele yao.

"Ngojeni kwanza. Gavana alikunywa."

Wakacheka. Huyo Gavana alikuwa ameshaenda zake na pembe za swala, na kumwombea mama hakuwa amefungua mdomo. Mpaka leo namdharau.

Jioni ile mjomba hakuweza tena kuficha. Alikuwa amenyamaza kwa kumwonea dada yake huruma. Akaeleza kwamba mama alipogeuka tu kuondoka, Gavana alichungulia kibuyu, akauliza uchafu gani huu, akammiminia mbwa wa barazani. Mbwa akalamba yote.

Mama aliweka mikono mapajani.

"Kumbe ni mbwa alikunywa," akasema. "Si tungeomba yeye."