Mpishi Aliyedaka Mpira Raskazone

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini wahenga hawakuwahi kuwapikia wazungu wa Raskazone, pale Tanga. Kristofa, mpishi, mzaliwa wa Maramba, alitunzwa ugenini. Alipocheza kwao aliumbuliwa mchana kweupe.

Mwaka 1953 bwana wake, meneja wa shamba la mkonge, alimpandisha meli akampikie mama yake mzee huko Uingereza. Kristofa akakaa mwaka na nusu katika kijiji cha mvua na viazi visivyo na chumvi. Jumamosi moja timu ya kriketi ya kijiji ilipungukiwa na mtu. Mhunzi na muuza nyama wakabisha hodi jikoni, wakamvalisha suruali nyeupe ya kuazima, wakamsimamisha kwenye majani. Huyu anarusha kipira chekundu, kigumu kama jiwe. Yule anakipiga kwa gongo asiangushiwe vijiti vyake vitatu. Na katikati ya mchezo wote wanaacha, wanakwenda kunywa chai. Watu wazima na ndevu zao! Lakini Kristofa alidaka mpira uliokuwa unashuka kutoka juu kabisa, aliyeupiga akatoka mchezoni, maana ndiyo sheria mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, na kijiji kizima kikampigia makofi kikimwita kwa jina lake. Tangu hapo upuuzi ule ukamwingia damuni. Alicheza kila Jumamosi, akanunua na kijitabu cha sheria, akakisoma kwa bidii ambayo katekisimu haikuipata kwake.

Aliporudi Tanga akawa kero. Alimweleza kriketi kila aliyemwamkia.

"Baba Luka," mkewe Benedikta alimwambia, "wenzio wanarudi kutoka Ulaya na cherehani, wewe umerudi na maradhi."

Kristofa alicheka tu. Alikuwa na hamu moja duniani: asimame tena uwanjani kama mchezaji, safari hii kwao.

Wazungu wa klabu pale Raskazone walicheza kila Jumapili, naye alikuwapo, ndani ya kanzu nyeupe ya kazi, akimpangia meneja na wenzake vikombe vya chai. Walicheza vibaya, hata kipofu angeona. Vitambi mbele, gini kichwani, mpira ukiwapita miguuni wanalilaumu jua. Kristofa aliwatazama moyo ukimuuma kama mpishi anayetazama wali wa mtu ukiungua.

Jumapili moja ya mwaka 1956 mchezaji wa upande wa meneja akashikwa na homa. Meneja akatazama huku na huku, akamwita Kristofa kwa kidole.

"Wewe simama kule. Mpira kuja, kamata."

Hata nafasi ya kuvua kanzu hakupewa. Akaikunja, akaichomeka kiunoni kama afanyavyo mwanamume yeyote mwenye kazi ya kukimbia, akasimama mbali ukingoni. Furaha ilimjaa.

Aliyeshika gongo, mpigaji wa mwisho wa upande wa pili, alikuwa mwenyekiti wa klabu, jitu nene lisilopenda kubishiwa. Akaupiga mpira ukapaa. Kristofa akaukimbilia, ukamgonga kifuani, ukateleza, ukanasa katika kanzu pale alipoikunja kiunoni. Chini haukugusa. Akautoa, akauinua juu, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mwenyekiti ametoka.

Mwenyekiti hakusogea. Alisema mpira ule haukudakwa. Kristofa, kwa Kiingereza kile kile na kwa adabu zote, akamtajia sheria: mpira ukinasa katika nguo ya mchezaji, umedakwa.

Watu wakamgeukia meneja. Meneja alijua kwamba mpishi wake amesema kweli, na kwamba akiikubali kweli hiyo upande wake unashinda. Akaona heri ashindwe kuliko ashindiwe na mpishi. Akajibu kwa Kiswahili chake kile cha kuamrishia vibarua:

"Nyamaza wewe. Hii hapana nguo ya mchezaji. Hii kanzu ya jikoni."

Wakacheka. Mwenyekiti akashika gongo lake upya.

Kristofa akaivua ile kanzu kupitia kichwani, mbele ya mabibi na miavuli yao, akabaki na kaptula na fulana. Akaikunja vizuri, akaiweka miguuni pa meneja.

"Basi irudi jikoni, Bwana," alisema. "Mimi siendi nayo."

Akatoka uwanjani, akashika njia ya mtaani kwake, Ngamiani. Nyuma yake gongo likaupiga mpira. Alijizuia asigeuke. Hatua kumi mbele akageuka kuona umeangukia wapi, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu mchezo wenyewe alikuwa bado anaupenda.