Mafundo kwenye Kanga ya Mama

Maharage niliyoyaunguza kabla sijafikisha miaka kumi na tatu yangelisha jeshi zima, likashiba na kubeua. Miaka hiyo ya sabini tuliishi milimani, juu ya Mbeya, tukilima pareto. Kazi yangu ilikuwa moja tu: nikitoka shule nilinde maua yaliyoanikwa mikekani, mawingu yakija niyaingize ndani. Hata kuku angeiweza. Lakini mimi nitaona siafu, nitawafuata hadi mtoni, na nikija kukumbuka, mvua imeshapita na pareto imekuwa uji.

Kaka yangu naye hakutulia hata usingizini. Aliruka kutoka juu ya paa, akateguka mkono, akarudia. Baba alicheka: "Damu ya moto hiyo! Huyu ataendesha malori ya Zambia." Mimi sikuruka popote. Niliduwaa kimya, basi nikaitwa mzembe. Mwalimu aliliandika neno hilo kwenye ripoti, akalipigia mstari.

Nikiwa darasa la sita, pareto ililowa mara ya tatu. Mama alinichapa kwa fimbo ya mfyulisi, halafu akasema, "Shule basi. Keshokutwa unakwenda Iringa kwa shangazi yako, ukamlelee watoto."

Nikapiga magoti. "Mama, nitakumbuka! Haki ya Mungu!"

"Utakumbuka nini wewe? Jina lako lenyewe unalikumbuka Jumapili tu."

Kaka akacheka. Na mimi nikacheka, huku nalia.

Siku ya safari, stendi, basi likiwa linaunguruma, mama alishika pindo la kanga yake. Lilikuwa na mafundo mengi. Siku zote nilidhani amefungia sarafu za sumni. Akayafungua moja moja. Yote matupu.

"Hili lilikuwa la chumvi," alinong'ona. "Hili la maziwa, yasichemke yakamwagika. Hili… hili sikumbuki."

Akanitazama kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Kisha akafunga fundo kwenye kanga yangu.

"Ukitumwa, funga. Na usimwambie mtu ulivyo. Mimi baba yako hajui mpaka leo."

Basi likaondoka kabla sijamwuliza: sasa zile fimbo ulikuwa unamchapa nani?

Kwa shangazi nilifunga mafundo mpaka kanga ikawa kama wavu. Shule nilikuja kuiona tena nikiwa na watoto watatu, kwenye masomo ya jioni, ambako mwalimu aliniruhusu kusoma nimesimama. Nilipopata cheti nilipiga vigelegele wakasikia hadi Chunya. Mama peke yake hakusikia, alikuwa ameshazikwa.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu wa kike hospitali. Shuleni kwao wanamwita mzembe. Daktari, binti mdogo tu, alisema huo si uzembe. Akaitaja hali yenyewe kwa herufi nne, ADHD: ubongo unaopata taabu kushika jambo moja. Wavulana hugundulika mapema, alisema, kwa kuwa wengi wanarukaruka. Wasichana wengi huota ndoto kimya kimya, wakijificha mpaka uzeeni. Na mara nyingi hali hiyo hutembea kwenye ukoo.

"Bibi, nyumbani kuna mwingine wa hivi?"

Nilimsikia mama pale stendi kama vile basi halijaondoka. Mjukuu wangu alikuwa ameshika pindo la kanga yangu, anahangaika kufungua fundo.

"Andika," nikasema. "Bibi yake. Na mama yake bibi."