Ndege Karani wa Mgunga Wetu

Mwaka juzi ndege karani wawili, dume na jike, walijenga tundu juu ya mgunga uliokuwa katikati ya shamba letu la pamba kule Lingeka. Ni ndege wa kijivu, warefu, wenye miguu kama ya korongo na manyoya yanayosimama kisogoni. Mabawa wanayo mapana, lakini kutwa hushinda wakitembea. Asubuhi waliteremka, wakaenda mbugani kwa hatua ndefu wakiokota panzi, panya na mijusi, na jioni wakarudi mtini.

Baba hakuwataka.

"Huu mti naukata kabla ya mvua," alisema. "Pamba ya chini yake haizai."

"Baba, wana kinda."

"Hilo kinda litanilimia?"

Siku aliyokuja na shoka, mimi na mama tulikuwa tunang'oa miti ya pamba iliyokauka. Baba akaanza kufyeka nyasi kwenye shina. Ghafla akaruka nyuma. Swila, yule nyoka anayetema mate machoni, alikuwa ameinuka mbele yake, shingo imetanuka.

"Funika macho!" mama alipiga kelele.

Kabla baba hajainua shoka, mmoja wa wale ndege alikuja mbio, mabawa wazi. Akampiga nyoka teke. Swila akageuka, akamrukia, akaambulia manyoya. Teke la pili likatua kichwani, na mengine yakafuata upesi hata sikuyaona, niliyasikia tu yakidunda ardhini. Nyoka akalegea. Ndege akammeza mzima mzima, kichwa kwanza, tukimtazama vinywa wazi.

Baba alikaa chini, akacheka mpaka machozi.

"Mti ubaki," akasema. "Pamba nitapanda kwingine."

"Nimekusikia," mama akajibu. "Usije ukabadilika kesho."

Hakubadilika. Kinda likakua, likawa linasimama ukingoni mwa tundu likipigapiga mabawa. Asubuhi moja likajirusha. Likapepea, likayumba, likaanguka kifudifudi shambani. Kisha likainuka, likajikung'uta, likaliona bonge la udongo na kulipiga teke kwa hasira zote. Likakimbia, likaruka tena, na safari hii likapita juu ya vichwa vyetu.

Mama akapiga vigelegele. Mchungaji mmoja aliyekuwa anapitisha ng'ombe akasimama, akauliza nani anaolewa.

"Haolewi mtu!" baba akamjibu, kofia juu. "Mtoto wetu ameruka!"