Kwa Magongo Hadi Msimbati

Nilifunga safari ya Msimbati kwa sababu ya ufunguo. Nilipotoka hospitali Mtwara bila mguu wa kushoto, baada ya kidonda kuwashinda madaktari, mkuu wangu wa elimu ya watu wazima aliniambia kwa upole kuwa kazi ya kuzunguka vijijini imekwisha kwangu. Nitakaa stoo, nitunze chaki. Ufunguo akautundika ukutani unisubiri. Lakini Msimbati nilikuwa nimeacha darasa la kisomo, watu wazima niliowaanzisha na a, e, i, o, u, na mtihani wao ulikuwa umefika. Nikamwomba niende kuwasimamia. Akakubali, nadhani akiamini njia yenyewe itanirudisha.

Asubuhi, Naliendele. Nilipata nafasi mbele kwenye lori lililopeleka miche ya mikorosho vijijini. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, nimekulia ardhi ngumu ya milimani, na magongo yangu nilikuwa nimeyazoea kwenye sakafu ya wodi. Humo nilikuwa bingwa, wauguzi walinipisha. Nilimtambia dereva hayo njia nzima.

Tulipoipita Madimba njia iligeuka mchanga mtupu, na lori likazama. Dereva alichimba, akatandika matawi, akachimba tena, mwishowe akasema tutatoka kesho wakipatikana watu wa kusukuma. Mtihani ulikuwa alasiri ile ile. Nikavaa begi la karatasi shingoni, nikashuka. Hatua ya kwanza magongo yalizama. Ya pili nilianguka kifudifudi. Nilihangaika weee, na nilipogeuka nikakuta bado namsikia dereva akikohoa. Nikakaa pale pale nikalia. Sikuulilia mguu. Nililia kwa kuwa mkuu wangu alikuwa amesema kweli.

Hapo ndipo aliponikuta Bi Somoe, mwanafunzi wangu mwenye umri mkubwa kuliko wote, bibi wa wajukuu, akitoka shamba na tenga la vifuu vya nazi vya kukokea moto. Alilitua, akanipa pole, kisha akanigeuzia mgongo na kuchutama.

"Panda, mwalimu. Nchanga huu hauna adabu kwa ntu wa magongo."

Nilikataa. "Nikibebwa leo, bibi, nitabebwa hadi stoo."

Akasonya, akasema haya, basi tukae wote. Ndipo nilipovitazama vifuu vyake nikawakumbuka watoto wa pale kijijini, ambao mama zao wakihangaika na herufi wao walicheza nje, wakitembea juu ya vifuu vilivyofudikizwa, kamba mkononi. Mchanga haukuwameza. Nikamwomba viwili vikubwa. Bi Somoe alielewa kabla sijamaliza: alipanua jicho la kila kifuu kwa ncha ya panga, akachomeka gongo, akakaza kwa kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi.

Nikasimama. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine. Nilicheka kwa sauti hata nikaona haya. Njiani kimoja kilipasuka, akanivalisha kingine huku akiendelea kumsengenya mkwe wake mvivu.

Msimbati, alasiri. Watu walikuwa wameanza kutawanyika kutoka banda la makuti. Mwenyekiti wa kijiji alishawaambia mwalimu hatakuja, mtihani mpaka mwakani. Waliponiona na viatu vyangu vipya, vigelegele vilipigwa mpaka wavuvi wakaja kuuliza nani kaolewa. Waliniletea kiti, lakini mtihani ule niliusimamia wima. Bi Somoe alisoma habari yake yote kwa kidole, polepole, bila kukosea. Alipofika mwisho akairudia tena bila kuombwa, kwa raha tu.

Kesho yake wanakijiji walilikwamua lori, nikarudi Mtwara. Mkuu wangu alinisikia kabla ya kuniona, vifuu vikigonga saruji ya ukumbi. Nikaweka karatasi mezani. Aliuliza nani alinifikisha, nikamwambia Bi Somoe na vifuu vyake, na miye mwenyewe.

Toka siku ile najua kuwa mtu anaweza kukaa chini njiani, akalia mpaka akamaliza, na bado akafika.

Mkuu alitazama ukutani, akatazama vifuu, akautungua ufunguo na kunikabidhi. Nikafungua stoo, nikachukua boksi la chaki za kupeleka Msimbati, nikafunga. Kisha nikamrudishia ufunguo wake.