Msimu Mzima wa Mashoto

Kaka yangu alivunjwa mguu na toroli la mkonge, na siku sita nzima hakusema neno. Alilala kaugeukia ukuta pale hospitali ya Korogwe, chakula hagusi. Daktari alishamwambia mama bila kuzunguka: tungoje wiki tatu, kidonda kisipokauka mguu unakatwa. Mama, Mzigua wa Mkata, alitoka nje akafunga kanga yake upya mara tatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea kaka chakula cha mchana na kurudi nacho kama kilivyo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Wiki ile ile gari la sinema lilikuwa limepita kambini kwetu, kwenye shamba la mkonge, likatuonyesha kwanza namna ya kupalilia pamba, halafu filamu ya Wamarekani wanaopiga kijipira kwa rungu na kukimbia kuzunguka uwanja. Sheria zake hatukuzielewa, lakini kelele tulipiga mpaka makoo yakakauka. Basi siku ya saba, nilipochoka kuutazama mgongo wa kaka, nikaanza kumsimulia. Nikamsimulia, kwa majina tuliyowapa wenyewe, Mnene aliyekuwa akirusha mpira, na Masharubu aliyegombana na mwamuzi, na Mashoto, aliyepiga mpira wa mwisho kwa mkono wa kushoto, timu ikashinda.

Mara sauti ikatoka kule ukutani. "Msimu mzima alipiga mingapi?"

Jamani! Nilikaribia kuangusha bakuli. Filamu ilionyesha mechi moja tu, ningejulia wapi? Lakini mdomo ulinitangulia. "Kumi na tisa."

"Na huyo Mnene?"

"Nimeandika nyumbani. Kesho nakuletea." Hata herufi moja nilikuwa sijaandika.

Jioni nikachukua daftari langu la hesabu. Sasa msimu wa mchezo unaandikwaje? Kambini kwetu kazi ya mtu ilijulikana kwa kipande. Baba alikuja kukata mkonge akitokea mbali, na vipande vyake vya zamani mama alivitunza kwenye kopo: kadi za miraba thelathini, kila siku uliyofanya kazi mraba mmoja unatiwa alama. Basi na mimi nikawachorea wale Wamarekani tisa vipande tisa. Mechi moja, mraba mmoja, na ndani yake mipira aliyopiga mtu. Nikawajazia wote, thelathini kwa thelathini, kwa moyo mweupe kabisa.

Kaka aliangalia ukurasa, akasonya. Sijawahi kufurahia msonyo kama ule.

"Hata siku moja ya homa hakuna? Hawa ni watu au reli?"

Nikarudi kusahihisha. Masharubu nikampa malaria siku nne. Mnene nikamtoa siku tatu, kaenda kwenye matanga ya shangazi yake. Mwingine nikamtuma kupeleka posa, wakwe wakamzungusha, akakosa mechi mbili. Halafu masika ikakata barabara, timu nzima ikakwama. Kama Amerika kuna masika sikujua, na wala sikujali. Nilichojua ni mambo yanayomkosesha mtu kazi, nikaandika hayo.

Kila siku nilimpelekea kipande cha mtu mmoja nilichokiandika upya, na kila siku akabisha. "Matanga siku tatu? Shangazi huyo! Mpe saba." Akawa anamega tonge huku anabisha, wala hajitambui kwamba anakula, nami najifanya sioni.

Kisha nikaharibu. Siku moja maji yalikuwa ya foleni, nikachelewa kurudi, nikaacha kipande kipya cha Mashoto kina miraba kumi na mmoja ya mwanzo mitupu. Kaka akaweka kidole pale pale. "Siku zote hizi alikuwa wapi?"

Nikasema neno lililokuwa karibu kuliko yote. "Mguu."

Kweli ulimi hauna mfupa. Kaka akarudisha tonge kwenye bakuli. Nikamwona anaanza kugeukia ukuta.

"Walimkata?" akauliza.

"Wangemkata," nikafoka, maana mimi nikiogopa hufoka, "mechi ya mwisho angekimbia na nini? Alilala siku kumi na moja, akarudi. Mraba wa kumi na mbili huu hapa. Kapiga mmoja tu, kwa sababu alikuwa bado anachechemea!"

Akalivuta daftari karibu, akausoma ule mraba.

"Mmoja si mbaya," akasema, akala. Siku ile nilirudi kambini na bakuli tupu, nikalionyesha kila niliyekutana naye njiani.

Wiki tatu zilipotimia daktari alifungua bendeji, mimi na mama tumesimama miguuni pa kitanda. Akabonyeza, akanusa, akamwambia kaka asogeze vidole. Vikasogea vyote vitano. "Hapa hakuna kukata," akasema. "Mfupa utachukua muda wake, lakini mguu ni wake." Mama akasema alhamdulillahi, akarudia, akakaa sakafuni na kanga usoni. Mimi nililia kwa sauti mpaka nesi akanikemea, nami sikuona haya hata kidogo.

Mama alipotoka kupeleka habari kwa baba, nikaona bora nimalize na hili. "Kaka, nisamehe. Zile hesabu nilizitunga."

"Najua."

"Unajua?"

"Sinema hiyo niliiona Kabuku tulipopeleka mzigo, kabla sijaumia, hata kambini haijafika. Mechi moja tu, wanashangilia, taa zinawashwa."

Nikamjia juu. Nilitamani kumzaba kofi, mguu au si mguu. "Sasa ulikuwa unanihangaishia nini? Kila siku sahihisha hiki, ongeza kile!"

Kaka akatazama dari. "Nilikuwa nimeshakata tamaa, mdogo wangu. Niliona bora nife na mguu wangu kuliko kukatwa. Lakini kila nikifumba macho nakumbuka kesho unaleta kipande cha mtu mwingine, nasema basi, ngoja nikione kwanza hicho."